Njia Salama Gizani: Wiki ya Mbio za Usiku Katika Misitu ya Stockholm

Jumatatu

Mashindano ni Jumamosi usiku, katika msitu mmoja kusini mwa Stockholm. Jioni ya leo klabu ilikutana sebuleni kwa mwalimu wetu, mama wa Kiswidi mwenye mvi ambaye amekimbia na ramani mkononi tangu usichana wake. Msitu wenyewe umefungwa kwa washiriki hadi siku ya mbio. Hakuna kwenda kuchungulia. Ramani zake za miaka ya nyuma, hata hivyo, kuzisoma ni ruksa, naye alikuwa amezitandaza meza nzima.

Kwa wasioujua mchezo huu: orienteringi ni mbio zisizo na njia iliyopangwa. Unapoanza ndipo unapokabidhiwa ramani. Pembetatu ya zambarau ni mahali pa kuanzia, miduara iliyounganishwa kwa mistari ni vituo unavyotakiwa kuvipitia kwa mfuatano, na miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, ni mwisho. Kituo ni bendera ya rangi ya machungwa na nyeupe, sentimita 30 kwa 30, yenye namba yake. Kutoka kituo hadi kituo upite wapi, hilo ni shauri lako na dira yako. Usiku bendera huwekewa kipande kinachorudisha mwanga wa taa yako ya kichwani, lakini ikiwa imejificha nyuma ya jiwe, utapita hatua chache pembeni yake na usiione.

Huku mchezo huu ni wa wenyeji kabisa. Wanorwe walifanya mashindano ya kwanza ya wazi mwaka 1897. Hapa Sweden aliyeueneza ni Meja Ernst Killander, na mbio zake maarufu za mwaka 1919 zilikimbiwa Saltsjöbaden, nje kidogo ya Stockholm. Usiku nao una mashindano yake makubwa: Tiomila, mbio za kupokezana za watu kumi, usiku kucha hadi asubuhi, zilizoanza mwaka 1945, na Jukola ya Finland, watu saba, iliyoanza mwaka 1949. Jukola hukimbiwa mwezi Juni, wakati usiku wa Finland ni mfupi na mwanga haukatiki sana. Tiomila huwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na giza lake ni giza kweli. Hiyo Tiomila ndiyo tunayojiandalia. Mbio za Jumamosi ni kipimo.

Mwalimu alitupa kazi: kila mmoja achague njia kati ya vituo alivyochora kwa penseli, kisha aitetee mbele ya wenzake. Mtu aliyezoea ramani za shule, ambazo kijani ni msitu, hapa hubidi ajifunze upya. Nyeupe ndiyo msitu, ule mzuri unaokimbilika. Kijani ni kichaka, na kadiri kinavyokolea ndivyo kinavyokukamata miguu na uso. Njano ni uwazi, buluu ni maji na vinamasi, kahawia ni mistari ya kontua, inayoonyesha mwinuko wa ardhi, nyeusi ni mawe, kuta za miamba na vijia. Tulianza kama kawaida, kutoka kituo tulichopo kwenda mbele. Akatusimamisha. Akataka tuanze kwenye kituo tunachokwenda na kurudi nyuma: kwanza utafute karibu na kituo alama kubwa ambayo hata gizani huwezi kuikosa, kama kona ya mfereji, mwisho wa kinamasi au njia panda. Hiyo ndiyo alama ya kuingilia. Ukishaipata, ndipo ujiulize utaifikiaje. Njia fupi isiyo na alama ya kuingilia, alisema, usiku usiihesabu kuwa njia.

Nimekaa na hilo jioni nzima. Mchana nachagua kwa macho, naona kilima, naelekea. Usiku macho yangu yanaishia pale mwanga wa taa unapoishia, na kazi yote iliyokuwa ya macho inabaki kwa ramani, dira na hesabu ya hatua.

Jumanne

Kazini hadi jioni. Nimechaji betri mbili, nimekaza skrubu za kamba ya taa, nimelala mapema.

Jumatano

Mazoezi Hellasgården, Nacka. Basi kutoka Slussen lilikuwa limejaa watu wenye taulo wakienda sauna kando ya ziwa Källtorpssjön, na sisi na viatu vyetu vya misumari. Mwanzoni mwa Aprili jua huku linazama kama saa moja na nusu jioni, kisha kunabaki mwangaza wa buluu unaokaa muda mrefu. Mimi nimekulia Tanga, ambako jua likishazama haupiti muda mrefu kabla ya usiku kamili, na mwangaza huu mrefu bado siupendi. Unamshawishi mtu kwamba anaona, akachelewa kuwasha taa na kuanza kusoma ramani kwa makini, na giza likishafunga hajui yuko kilima gani. Mwalimu anaagiza taa ziwashwe mapema, kabla hazijahitajika.

Tulikimbia wawili wawili. Mwenzangu ni kijana wa Bukavu, mwepesi kuliko mimi, ananiita mkubwa kwa sababu ya umri. Kituo cha tatu kilikuwa ng'ambo ya kilima cha mwamba. Mstari wa moja kwa moja ulipanda juu, ukavuka uwanda wa mawe, ukashuka penye mistari miwili minene myeusi yenye vimeno vidogo. Vimeno hivyo vinaonyesha upande wa chini wa ukuta wa mwamba. Kulia kulikuwa na kibonde kipana, kisha kinamasi kirefu, kisha njia ya mazoezi yenye taa.

"Mkubwa, hii njia ya juu iko fupi," alisema, "lakini iko na mawe mingi."

"Unaiona sehemu ya kushukia?"

Aliinama juu ya ramani, akaifuata kwa kidole gumba. "Iko moja tu, katikati ya hizi kuta mbili. Ndogo sana."

"Basi mdogo wangu, tupite chini."

Sababu si woga. Mistari ya kontua kwenye ramani zetu hupishana mita 5 za mwinuko, kwa hiyo ukuta wa mita mbili unaweza kukaa katikati ya mistari miwili na kontua zisikuambie lolote. Ni alama nyeusi tu inayokuonya. Kupata upenyo mwembamba kati ya kuta mbili ukitokea juu, gizani, kunataka dira isiyokosea hata kidogo baada ya mita mia tatu za kuruka mawe. Ukikosea kulia kidogo, unafika ukingoni. Na ukingo, kwa anayeangalia kutoka juu na taa kichwani, hauonekani kama ukingo. Mwanga unapita juu yake na kupotelea hewani. Unachokiona ni kwamba ardhi mbele haipo, pana weusi mtupu. Mwalimu anatufundisha hivyo toka siku ya kwanza: weusi usio na ardhi maana yake simama, usipunguze mwendo tu.

Kuna jambo jingine kuhusu taa ya kichwani ambalo nilichukua muda kulielewa. Mwanga unatoka karibu na macho yako, kwa hiyo vivuli vyote vinalala nyuma ya vitu, usikoviona. Bila vivuli, shimo na kichuguu vinafanana, na mteremko unaonekana tambarare. Wakongwe wengine hubeba taa ya pili ndogo mkononi, wakaishusha kiunoni wanapotilia shaka ardhi. Mwanga ukitoka chini au pembeni, vivuli vinarudi, na mashimo yanajitokeza. Nimejaribu leo kwenye uwanda wa mawe tulipopita pembezoni mwake, na tofauti ni kubwa mno.

Kibondeni tulishika kinamasi upande wetu wa kulia. Hapo ndipo njia salama inaonyesha thamani yake: huna haja ya kuangalia dira kila hatua, kwa kuwa kinamasi chenyewe ni mstari wa kushikilia. Miguu ikilowa umekwenda kulia mno, ikiwa mikavu na mawe yameanza umekwenda kushoto mno. Na tungepitiliza, ile njia yenye taa ilikuwa ng'ambo, ikitungojea kama alama ya kutuzuia. Kijana aliimba njia nzima. Tulifika kwenye mwisho wa kinamasi, tukahesabu hatua kutoka hapo, mita mia na ishirini, na bendera ikang'aa mbele yetu.

Jozi nyingine ilipita juu. Walifika salama, ila walisimama ukingoni muda mrefu wakitafuta upenyo, tukawa tumeshagonga kituo, yaani kujiandikisha pale benderani, na kuondoka.

Alhamisi

Mapumziko ya miguu. Nimekagua ngozi yote, nyuma ya magoti na kwapani, kutafuta kupe. Huku kupe ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito, wanaambukiza ugonjwa wa ubongo wenye chanjo, na wakimbiaji wengi wa maeneo ya Stockholm wamechanjwa, mimi nikiwemo. Kichaka cha kijani kibichi kwenye ramani ni sababu moja zaidi ya kuzunguka.

Nimefanya pia hesabu niliyoahidi kumwonyesha kijana wa Bukavu. Usiku, kwenye kijia kizuri, nakimbia kilomita kwa dakika tano hivi. Msituni moja kwa moja, penye mawe na miti iliyoanguka, kilomita hiyo hiyo inanila dakika tisa hadi kumi, na hapo sijasimama kusoma ramani. Kwenye kupanda, kanuni ya jumla ni kuhesabu kila mita moja ya mwinuko kama mita nane hadi kumi za tambarare. Ukiweka yote pamoja, njia ya kuzunguka iliyo ndefu kwa theluthi moja, au hata kwa nusu, mara nyingi inafika kwanza. Sisemi hivyo kwa kila mbio. Mchana, katika msitu mweupe usio na mawe, ningekwenda moja kwa moja bila kufikiri mara mbili.

Ijumaa

Utabiri unasema hakuna upepo, baridi karibu na sifuri, na ukungu mabondeni. Ukungu na taa kali haviendi pamoja. Mwanga unagonga matone na kukurudia usoni, na ukiongeza nguvu ya taa unazidi kupofuka. Dawa ni kuupunguza na kuelekeza taa chini. Kwa hiyo nimebadili fikra zangu kuhusu vinamasi: kesho havitakuwa mistari mizuri ya kushikilia kama vilivyokuwa Jumatano, kwa sababu ukungu hukaa hapo hapo. Nitapendelea pembe za vilima, vijia, na kingo za mashamba.

Mwalimu alipiga simu kwa kila mmoja wetu kukumbusha mambo mawili. Filimbi shingoni, isiwe mfukoni. Na anayeamua kuacha mbio lazima apite mwisho akajiandikishe, hata kama amechoka kufa, maana asipofanya hivyo watu watamtafuta msituni usiku kucha. Akaongeza habari ya Miskolc, Hungaria, mwaka 2009, kwenye fainali ya kupokezana ya wanaume ya Mashindano ya Dunia. Mswidi Martin Johansson alichomwa pajani na tawi, likaingia ndani sana. Mfaransa Thierry Gueorgiou, Mnorwe Anders Nordberg na Mcheki Michal Smola, wote wakiwa kwenye nafasi ya kupata medali, waliacha mbio kumsaidia. Ilikuwa mchana. Kumsaidia aliyeumia ni kanuni ya mchezo na inamhusu kila mshiriki, kwa hiyo kila anayeingia msituni usiku ajue kwamba huenda yeye ndiye atakayesimama.

Jumamosi

Kuanza saa tatu na nusu usiku. Uwanja wa mashindano ni shamba la nyasi, mahema, harufu ya soseji na kahawa, watoto wanakimbia na taa zao ndogo. Theluji imebaki kwenye vivuli vya kaskazini, vinamasi vina ganda la barafu juu. Ramani ni ya 1:10,000, sentimita moja ni mita mia.

Vituo vinne vya kwanza havina la kusimulia. Karibu na njia, alama nzuri, dira ya mita mia kila mara. Waandaaji wa mbio za usiku mara nyingi huanza hivyo, wakuache upate mwendo, kisha wakuwekee mtihani.

Mtihani ulikuwa kutoka cha tano kwenda cha sita. Sentimita tisa kwenye ramani. Niligonga kituo cha tano na nikajilazimisha kusimama. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu taa za wengine zinakupita kulia na kushoto, na mwili unataka kuzifuata. Nilizima fikra hizo na kufanya kama tulivyofundishwa, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Cha sita kilikuwa chini ya jiwe kwenye pua ya kilima. Karibu yake hakuna alama nyingine kubwa isipokuwa mfereji unaopinda kwa pembe kali, mita mia na hamsini kusini. Hiyo ndiyo alama ya kuingilia. Sasa, naifikiaje? Moja kwa moja ni uwanda wa miamba, vinamasi vidogo vidogo visivyotofautiana, na ukanda wa kuta uliokata njia nzima ukiwa na upenyo wa aina ile ile ya Jumatano. Kulia kulikuwa na uwazi wa nyaya za umeme, umenyooka, unavutia, lakini ramani ilionyesha kijani chenye mistari chini yake, yaani miti ilikatwa na vichipukizi vimeota upya, na tena ulishuka na kupanda mara tatu. Kushoto, kijia kilichoanza mita mia mbili kutoka niliposimama, kikazunguka kilima chote kwa mwinuko ule ule na kuuvuka ule mfereji. Jumla mita 1,300 badala ya 900.

Nilichagua kushoto. Kukipata kijia chenyewe gizani kulitaka mbinu pia. Kilikuwa kinakatiza mbele yangu, na sikutaka kulenga moja kwa moja makutano ya vijia, maana ningeyakosa nisingejua kama nigeuke kulia au kushoto. Kwa hiyo nilielekeza dira kwa makusudi upande wa kushoto wa makutano. Nilipokanyaga kijia nilijua bila shaka yoyote kwamba makutano yako kulia. Nikageuka, nikayapata, nikakunja ramani ili kidole gumba kikae pale nilipo.

Hapo niliweza kukimbia. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni chini yangu, juu kwenye kijia hewa ilikuwa safi. Juu upande wa kulia, kwenye ule uwanda wa miamba, niliona taa nyingi zikienda na kurudi, zikisimama, zikikusanyika mahali pamoja. Hatari nyingine ya usiku ndiyo hiyo. Taa zikikusanyika, kila mmoja huamini kwamba mwenzake anajua. Kwenye mbio za kupokezana ni mbaya zaidi, kwa kuwa waandaaji huwapa wakimbiaji vituo tofauti, na taa unayoifuata inaweza kuwa inakwenda kwenye bendera isiyo yako kabisa.

Kabla ya kufika kwenye mfereji nilimkuta msichana mmoja amekaa kando ya kijia, taa yake imeelekezwa kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa ameteguka alipokuwa akishuka kutoka kwenye miamba, akajikokota hadi pale. Nilipuliza filimbi mara sita, akaja mkimbiaji wa pili, tukamfunga mguu na kumvisha koti langu la upepo lililokuwa kiunoni. Huyo wa pili alikuwa na simu. Aliwaeleza waandaaji kwa sentensi moja: kwenye kijia kikubwa, mita mia moja kaskazini mwa daraja la mfereji. Walifika na gari dogo muda si mrefu. Nimefikiria sana: angekuwa amelala juu, katikati ya vinamasi visivyotofautiana, tungemwelekezaje mtu mahali alipo? Tangu usiku huu, ninapopima njia nitauliza pia kama msaada unaweza kunifikia.

Nikaendelea. Kona ya mfereji, dira, hatua. Nahesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Msituni kwangu ni kama hamsini kwa mita mia. Niliposhika sabini na tano niliinua taa, na jiwe lilikuwa pale, bendera upande wake wa nyuma, namba sahihi. Kusoma namba ni lazima kila mara, hata ukiwa na uhakika.

Vituo vilivyobaki nilivipita kwa utulivu. Mwisho, supu ya blubheri ya moto.

Jumapili

Mchana tumekaa tena kwa mwalimu, kila mtu amechora njia yake kwa kalamu na wengine wamefungua rekodi za saa zao kwenye kompyuta, mistari ya rangi juu ya ramani moja. Tulitazama kipande cha tano hadi sita zaidi ya kingine chochote. Ukiondoa muda wa kusimama kwa msaada, nilitumia chini ya dakika nane. Wawili wetu waliokwenda juu walitumia dakika kumi na nne na kumi na sita, na mistari yao imejisokota ukingoni mwa kuta. Aliyejaribu nyaya za umeme alitoka amechanika suruali.

Lakini mwenye kasi kuliko wote katika kipande hicho alipita moja kwa moja, kwa dakika sita na nusu, na ni huyo kijana wa Bukavu. Tulimwomba aeleze. Hakuelekea kwenye upenyo. Aliona kwenye kontua kwamba mashariki mwa kuta pana mgongo mwembamba wa kilima unaoshuka taratibu, akaupanda tangu mwanzo na kuufuata mgongo huo kama mtu anavyofuata kijia, mpaka ukamwacha karibu na kona ya mfereji. Hakuna kijia kilichochorwa hapo, na wengine wote hatukuuona. Mwalimu aliweka kidole juu ya mstari wake, akasema hiyo nayo ni njia salama, ila ni salama kwa anayesoma kontua kama yeye. Nakubaliana naye kabisa. Kwangu, usiku ule, kwa jinsi ninavyosoma kontua sasa, kile kijia kilikuwa sahihi.

Majina ya Tiomila bado hayajapangwa. Kipande kirefu cha usiku, kile cha nne ambacho Waswidi wanakiita Långa natten, yaani usiku mrefu, nadhani kitakwenda kwa kijana, na ningefurahi. Jumatano tunarudi Hellasgården na masharti mapya: vijia vyote vitafutwa kwenye ramani zetu, tubaki na kontua, mawe na dira. Yeye atakuwa mbele na mimi nyuma yake, anieleze kwa sauti anachokiona kwenye mistari ya kahawia kabla hatujaondoka kila kituo.